Bahasha za Wanamichezo: Shajara ya Mkusanyo Wangu, Mtwara

10 Februari 2024

Leo nimeanza rasmi. Nimetoa kaunta buku moja dukani kwangu na kuipiga mistari ya safu saba: namba, stempu, tarehe ya muhuri, mahali ulipogongwa, mwenye sahihi, kalamu aliyotumia, na aliyeshuhudia akisaini. Safu ya saba ndiyo itakayonisumbua, na ndiyo ninayoijali kuliko zote.

Namba 1 ni ya baba. Alikuwa karani wa posta hapahapa Mtwara enzi za Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumatatu ya tarehe 5 Julai 1976 zilipotoka stempu za Olimpiki ya Montreal, alinunua seti nzima kwa shilingi sita na senti hamsini, akazibandika kwenye bahasha moja nyeupe na kuigonga muhuri kwa mkono wake. Stempu ni nne. Ya senti 50 ni John Akii-Bua wa Uganda, aliyechukua dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972. Ya shilingi moja ni Filbert Bayi wetu. Ya shilingi mbili ni bondia Steve Muchoki wa Kenya. Ya shilingi tatu ina mwenge na bendera za nchi zetu tatu.

Michezo ilifunguliwa tarehe 17 ya mwezi uleule, na katika hao watatu hakuna aliyeshindana. Tanzania, Kenya na Uganda zilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizosusa, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki wakati timu yake ya raga ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Bahasha hiyo niliikuta kwenye sanduku lake la bati, katikati ya kitabu cha hesabu za posta, miaka mingi baada ya kumzika. Muhuri umekaa sawasawa, herufi zote za Mtwara zinasomeka, na duara limegusa pembe ya kila stempu bila kufunika uso wa mtu. Ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza zamu lakini hakuruhusu haraka hiyo ifike mkononi. Nyuma kuna maneno mawili ya penseli: "Bayi bado."

Sijaelewa alimaanisha nini.

Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza: bahasha ishirini za michezo, kila moja na sahihi ya mwanamichezo mwenyewe, kabla ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027 kuja kuchezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Nchi zilezile tatu za kwenye stempu ya shilingi tatu.

3 Machi 2024

Wateja wanaoziona bahasha mezani wanaendelea kuuliza tofauti yake na bahasha za kawaida ni nini, kwa hiyo nimeliandika jibu niache kulirudia. Bahasha ya siku ya kwanza ni ile iliyobandikwa stempu mpya na kugongwa muhuri tarehe ileile stempu ilipotolewa. Ikigongwa kesho yake imekosa. Kushoto huwa na mchoro unaohusu tukio, kulia stempu na muhuri, na pale katikati panapobaki peupe ndipo mwanamichezo anaposaini.

Mfano ninaowaeleza wote ni wa Cooperstown, kijiji cha jimbo la New York. Tarehe 12 Juni 1939 Wamarekani walifungua pale jumba la heshima la mchezo wa besiboli, na siku hiyohiyo wakatoa stempu ya senti tatu ya kuadhimisha miaka mia ya mchezo huo. Babe Ruth, Cy Young, Honus Wagner, Walter Johnson na wakongwe wenzao walikuwa palepale kijijini. Ty Cobb alichelewa, ndiyo maana hayumo kwenye picha maarufu ya siku ile. Mtu aliyekuwa na bahasha yake na subira aliweza kuwapitia mmoja mmoja. Stempu, muhuri, mahali na mkono wa mchezaji vyote vikawa vya siku moja. Hapo ndipo thamani inapotoka, na bei hufuata baadaye.

Huku kwetu nimekubali ukweli mmoja: stempu nyingi za michezo za Tanzania za miaka ya 1990 zilichapwa zikilenga wakusanyaji wa nje, na bahasha zake nazipata kwa wakusanyaji wa Dar, siyo kwenye kaunta ya Mtwara. Na wachezaji wetu wa Kusini hawana stempu yao. Kwa hao nitatengeneza bahasha ya kumbukumbu: stempu iliyopo, muhuri wa Mtwara wa siku husika, sahihi. Kwenye daftari nitaiandika kwa jina lake, "kumbukumbu", na sitaiita siku ya kwanza hata siku moja. Ukichanganya hayo mawili umedanganya mtu atakayerithi.

21 Aprili 2024

Sahihi ya kwanza! Beki wa zamani wa Ndanda, klabu yetu ya Mtwara, wa kile kikosi kilichopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, alikuja kutoa fotokopi ya cheti cha mtoto. Jina lake limo kwenye daftari. Nikamwonyesha bahasha ya baba, kisha nikamwomba asaini bahasha ya kumbukumbu niliyokuwa nimeigonga muhuri juzi.

"Dada, mimi nisaini? Mimi si Samatta."

Nikamwambia mimi nilikuwa jukwaani uwanja wa Nangwanda Sijaona, na aliyekuwa anaondoa mipira ya krosi pale hakuwa Samatta, alikuwa yeye. Akanyamaza kidogo. Akachukua kalamu iliyokuwa karibu na mkono wake, akasaini polepole, na chini yake akaandika namba ya jezi. Wateja watatu walikuwa wanashuhudia. Nikaandika Namba 2 kwa furaha ambayo sijaipata dukani siku nyingi.

22 Aprili 2024

Nimeharibu. Naandika kama ilivyotokea ili asiwepo wa kurudia.

Jana usiku niliogopa vumbi na jasho la mikono, nikaamua kuifanyia bahasha ile laminesheni. Mashine ilikuwa ya moto, nikaipitisha, ikatoka inang'aa. Stempu ipo, muhuri upo. Sahihi haipo. Karatasi imebaki nyeupe kama hajawahi kuigusa mtu.

Nilikaa chini. Kisha nikaangalia kalamu aliyoitumia: ni zile za kufutika, wanafunzi wanazipenda, nauza mimi mwenyewe. Wino wake haufutwi kwa kusuguliwa. Unafutwa na joto la msuguano. Ukifika nyuzi kama 60 za Selsiasi unapoteza rangi, na mashine yangu inapita mia moja. Lakini wino haujaondoka kwenye karatasi, umelala tu, na baridi kali ya chini ya sifuri huurudisha.

Nikaifunga bahasha kwenye mifuko miwili ya plastiki, nikaenda kwa jirani yangu muuza samaki.

"Shoga, naomba nafasi kwenye friza."

"Ya samaki gani?"

"Ya sahihi."

Hakucheka wala hakuuliza zaidi. Alisogeza changu na tasi, akaniwekea kwenye ukuta wa friza penye barafu nene.

24 Aprili 2024

Imerudi. Saa moja asubuhi tumeitoa, nikafuta ukungu wa baridi kwa kanga, na pale chini ya plastiki mstari wa bluu umetokea, hafifu kuliko mwanzo, lakini ni mkono wake, na namba ya jezi chini yake. Jirani yangu ndiye aliyeiona kwanza.

Hata hivyo laminesheni haitoki tena. Gundi imeshikana na karatasi, na siku yoyote ya joto kali sahihi inaweza kulala upya. Namba 2 inabaki hivyo daftarini, na maelezo yake yote. Beki nimemfuata nyumbani kwake Magomeni, nikampa shikamoo mama yake, nikamweleza yote. Akasaini nyingine, Namba 3, kwa bolpeni nyeusi, mama yake akiwa shahidi.

Tangu leo: bolpeni ya wino mzito, nyeusi au bluu, ninayoibeba mwenyewe. Maka peni inapenya na kutokea upande wa pili kwenye bahasha nyembamba. Kalamu za jeli zinachafuka mkono ukipita juu. Na kabla mtu hajasaini natumbukiza kadi ngumu ndani ya bahasha, la sivyo bolpeni inazama kwenye mikunjo na mstari unaruka.

19 Mei 2024

Bahasha sita kutoka kwa mkusanyaji wa Dar zimechelewa, na hakuna wa kulaumiwa. Kimbunga Hidaya kilipopiga tarehe 4, maji yalikata barabara ya Kusini upande wa Kilwa, na mabasi yakakwama huko na huku. Mifuko ya posta nayo ni abiria. Leo zimefika, kavu.

Moja nimeiweka mbele ya bahasha ya baba nikaziangalia kwa muda mrefu. Ni ya Uingereza, 18 Agosti 1966. Wao walitoa stempu za Kombe la Dunia tarehe 1 Juni mwaka huo, kabla mpira haujachezwa. Timu yao ilipochukua kombe tarehe 30 Julai, posta ikairudisha ile ya peni nne ikiwa na maneno "ENGLAND WINNERS", na ikawa na siku yake ya kwanza nyingine. Haina sahihi, na bila sahihi si ya gharama. Lakini imenifanya niione upya ya baba. Waingereza walipata nafasi ya kurudi na kuandika matokeo. Seti yetu ya Montreal haikupata matokeo ya kuandikwa.

Juni hadi Septemba 2024

Sahihi tano. Mchezaji wa netiboli aliyeiwakilisha Mtwara, makipa wawili, refa mmoja, na mwalimu wa riadha ambaye wanafunzi wake walikimbia mashindano ya kitaifa ya shule za sekondari, UMISSETA, yalipofanyika hapa Mtwara 2021. Refa alinishangaza: alisema katika miaka yote ya filimbi hakuna aliyewahi kumwomba sahihi, waliomba tu namba ya simu ili wamtukane. Bahasha yake naipenda.

Oktoba 2024

Msimu wa korosho. Fomu, fotokopi, picha za pasipoti, foleni mpaka barabarani. Hakuna lililofanyika.

12 Januari 2025

Nimetapeliwa, au muuzaji naye alitapeliwa. Bahasha ya mchezaji mashuhuri wa Ulaya, nimeilipia fedha ambayo ingenunua rimu kumi za karatasi. Imefika leo na nimeiangalia kwa lenzi. Wino wa kalamu huwa na mwanzo na mwisho: pana pale mkono ulipotulia, pembamba ulipokimbia, na mstari ukipita juu ya mwingine makutano yanakolea. Hii haina kitu cha namna hiyo. Mstari mzima ni vitone vidogo vya mashine ya kuchapia, sawasawa na vya mchoro wa pembeni. Niliipindua na kupitisha kidole nyuma: hakuna hata mfinyo mmoja wa kalamu.

Kazi yangu ni kuchapa karatasi kutwa. Nilipaswa kuomba picha ya karibu kabla ya kulipa. Nimeiandika Namba 9, na kwenye safu ya sahihi nimeandika "imechapwa".

9 Machi 2025

Mvua za mwaka huu zimeingia kabatini. Nimefungua albamu nikakuta vidoa vya kahawia kwenye pembe ya Namba 5, na harufu ya ukungu. Hewa ya Mtwara ina chumvi na maji, na unyevu ukizidi asilimia 65 kwa muda mrefu ukungu unaota kwenye karatasi bila kubisha hodi. Gundi ya nyuma ya stempu nayo inanata yenyewe.

Nimetoa zote kwenye ile mifuko laini ya plastiki inayonuka kama kapeti jipya, maana mafuta yake yanahamia kwenye karatasi na kula wino. Kila bahasha sasa imevaa karatasi nyeupe isiyo na asidi, imesimama kwenye boksi lenye mfuniko, na katikati kuna vipakiti vya chembechembe za kukausha. Vipakiti nimevipata bure kwa kijana muuza viatu wa sokoni, alikuwa anavitupa kila akifungua boksi. Kila wiki mbili navikausha kwenye sufuria moto mdogo. Kabati nimelisogeza kutoka ukuta wa bafu. Namba 5 nimeianika kivulini, siyo juani, kisha nikaipiga brashi laini. Vidoa havitatoka. Havijaongezeka.

26 Aprili 2025

Ruangwa na kurudi, kupitia Mingoyo na Nanganga. Nilikwenda kwa ajili ya mchezaji mmoja wa kikosi cha Namungo kilichofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Klabu ya mji wenye ukubwa ule ikapangwa na Raja Casablanca ya Morocco na Pyramids ya Misri! Haikupata pointi kwenye kundi, na mimi naona kufika pale ni jambo la kuwekewa muhuri. Tulionana dakika tano kituo cha mabasi. Alisaini kwa herufi kubwa za chapa, jina lote, kama anajaza fomu. Namba 13.

15 Septemba 2025

Naandika mkono bado unatetemeka.

Kabla ya saa kumi alfajiri mwanangu alinigongea mlango: "Mama, Simbu!" Alphonce Simbu ameshinda marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo. Saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros amepewa muda uleule; wametenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42 na ushei. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Tumeirudia ile hatua ya mwisho kwenye simu mpaka bando likaisha.

Na leo ni Jumatatu. Posta inafunguliwa.

Nilikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kufungua. Nimebeba bahasha tatu nyeupe nilizozichapa alfajiri, kushoto muda tu umeandikwa kwa herufi nyeusi, 2:09:48. Stempu ya michezo haikuwepo, nikachukua iliyopo. Kijana wa kaunta nilimwomba anigongee kwa mkono, pole pole, tarehe ionekane. Akaniuliza kuna nini leo. Nikamwambia. Akaacha kila kitu, akapangusa muhuri kwa kitambaa, akaukandamiza kwenye pedi mpya, akajaribu kwanza kwenye karatasi chakavu mara mbili, ndipo akagonga. Kwenye bahasha ya tatu aligusa pembe tu ya stempu, duara lote likabaki wazi.

Sikuona mtu akigonga namna ile tangu baba.

Ni bahasha za kumbukumbu, nimeziandika hivyo. Lakini tarehe yake ni ya siku yenyewe, na Mtwara iliijua siku yenyewe.

21 Septemba 2025

Nimempelekea mama moja ya zile tatu aione. Akaishika kwa ncha za vidole, akaangalia ule muda niliouchapa kushoto, akasema, "Umefanya kama baba yako alivyotaka kufanya."

Kumbe yeye alikuwa anajua. Nikamletea Namba 1. Akanionyesha kushoto chini ya bahasha, pale ambapo miaka yote nilidhani ni peupe tu. Baba alibandika stempu zote juu kulia, akazibana, ili abakize nafasi ile. Alikusudia Bayi akishamaliza fainali ya mita 1500 Montreal aandike pale muda wake, kwa wino. Alikuwa na hakika. Bayi alikuwa ndiye mwenye rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 32.16, aliyoiweka Christchurch tarehe 2 Februari 1974 akiongoza toka mlio wa bastola mpaka utepe, John Walker wa New Zealand akimfukuza nyuma. Redio ilipotangaza kwamba hatukimbii, baba aligeuza bahasha, akaandika "Bayi bado", akaifunga kitabuni. Walker ndiye aliyechukua dhahabu ya Montreal, kwa dakika 3 na sekunde 39.17.

Mama anasema baba hakuwahi kulalamikia uamuzi ule. Alisema Afrika Kusini ilikuwa jambo kubwa kuliko mbio. Ila bahasha hakuitupa, na mwaka 1980 Bayi alipochukua fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji Moscow, na Suleiman Nyambui fedha ya mita 5000, aliitoa akaitazama, akairudisha. Haikuwa ya Moscow.

5 Oktoba 2025

Tumebishana na kaka. Yeye anasema bahasha ya baba isiguswe, imekamilika kama historia ilivyoiacha, na sahihi ya leo ni kuichafua. Anasema pia kwamba haiwezi kutimia: Akii-Bua alifariki 1997. Hilo la mwisho ni kweli na linaniuma. Lakini la kwanza nimelikataa. Baba mwenyewe aliacha nafasi na akaandika kwamba nafasi inasubiri. Mtu akikuachia kiti huwezi kusema kiti kibaki kitupu kwa heshima yake.

Hoja yake moja nimeikubali: isitumwe kwa posta. Bahasha iliyogongwa na baba haitapita kwenye mifuko na mashine. Nitaibeba mwenyewe, na kwanza nitaandika barua ya kuomba, kwa adabu, kupitia shule alizozianzisha Mzee Bayi kule Pwani. Akikataa nitarudi nayo na nitaandika kwamba alikataa, ni haki yake. Akikubali, sitamwomba jina tu. Nitamwambia nafasi ile iliachwa kwa ajili ya muda wake, na aandike muda wowote anaoona ni wake.

Barua nimeiandika mara nne. Ya nne nimeitia kwenye bahasha.

12 Oktoba 2025

Barua imeondoka. Nimenunua bolpeni mbili mpya nyeusi na kuzijaribu kwenye karatasi ya bahasha ya zamani ya aina ileile, karatasi nikaiacha dirishani wiki nzima. Wino haujapauka wala kutawanyika. Kadi ngumu ya kutumbukiza ndani nimeikata. Nafasi ya kushoto ina upana wa sentimita saba na kimo cha sentimita tatu. Nimeipima mara mbili.